Miaka Minne na Ndoo Kijitoni

Nilijiunga na kundi la kupima maji ya kijito kwa sababu ya hasira. Asubuhi moja nilipita darajani nikaona povu limejikusanya kwenye mizizi ya mti ulioinamia maji, nikasema moyoni: kuna mtu anamwaga uchafu humu, na mimi nitamkamata. Sikushuka hata kulitazama kwa karibu. Ningeshuka ningeona lina rangi ya kahawia na linanuka udongo, maana majani yakioza majini huacha vitu vinavyoyafanya maji yatoe povu kila yanapokorogeka, hata pasipokuwa na tone la sabuni. Hayo niliyajua miezi mingi baadaye. Siku ile nilichotaka ni mkosaji.

Kundi lilikuwa na watu saba na mita mbili za kupimia maji. Kiongozi wetu alikuwa mama mstaafu aliyefanya kazi ya maabara karibu maisha yake yote. Tulimwita Mama Maabara, na mwenyewe aliitika. Jumamosi yangu ya kwanza alinipa chupa tupu, akaniambia nimletee maji. Nikaingia kijitoni na mabuti yangu mapya, nikachota, nikampelekea. Akaiinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, akamwaga yote.

"Umeniletea tope la miguu yako," alisema. "Mimi nimeomba maji ya kijito."

Mara ya pili nilisimama vizuri, uso kule maji yanakotoka, lakini chupa nilipoisuuza, maji ya kusuuzia niliyamwaga mbele yangu, yakaja kuingia kwenye sampuli. Akamwaga. Mara ya tatu nilichota juujuu, kwenye utando wa vumbi na vijani. Akamwaga tena. Ya nne aliipokea kimya. Hakunisifu, na kwa kweli kwa miaka yote minne sikumbuki akimsifu mtu kwa kuchota maji.

Alikuwa mkali zaidi kwenye daftari. Penseli tu, kwa sababu wino ukilowa unatawanyika na namba inapotea. Kosa halifutwi; linakatwa kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka. Tena nafasi isiachwe wazi. Ukitafuta kitu ukakikosa, andika sifuri. Nafasi tupu maana yake hukutafuta. Mimi niliona ni ukaidi wa wazee.

Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa ya kuchekana. Mwenzetu mmoja alisoma habari za padri Mwitaliano, Angelo Secchi, ambaye mwaka 1865 aliteremsha visahani vyeupe kwenye bahari ya Mediterania ili ajue jicho linafika kina gani kabla kisahani hakijapotea. Akatengeneza chake nyumbani, akakipaka rangi nyeusi na nyeupe kwa robo, akakifunga kamba yenye alama kila nusu mita. Tulikwenda naye kijitoni kwa shauku. Maji yanafika magotini. Kisahani kilitua chini, kikabaki pale kinatutazama, na kamba yote ikamsalia mkononi. Tangu hapo ung'avu wa maji tunaupima kwa mrija wa plastiki wa mita moja: unaujaza, unatazama kwa urefu wake, unasogeza alama nyeusi hadi ipotee.

Mwezi wa tatu nikafanya kosa langu kubwa.

Ilikuwa siku ya kazi, si Jumamosi. Nilikuwa na mita nyumbani, nikapita kijitoni saa tisa alasiri, nikaitumbukiza. pH, kile kipimo cha uasidi ambacho namba yake hupanda uasidi ukipungua: 9.1. Nikaitoa, nikaisuuza, nikarudia: 9.1. Vipimo vyetu vyote vya nyuma vilikuwa 7.4, 7.5, 7.6. Nami nilishajifunza kwamba kwenye pH kila hatua moja ni mara kumi ya iliyotangulia, kwa hiyo ile haikuwa tofauti ya kupuuzwa. Juu kidogo ya pale kulikuwa na karakana inayotumia sabuni kali kusafishia mashine. Basi. Nilikuwa na namba na nilikuwa na mkosaji, na nilivifunga pamoja kabla hata mita haijakauka. Nikawaandikia watu wengi kwa simu, kila mmoja nikamtumia picha ya kioo cha mita. Jioni kulikuwa na kundi la watu langoni kwa yule mwenye karakana.

Mama Maabara alinipigia usiku.

"Mwanangu, ulipima saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, Mama."

"Na vile vya Jumamosi tunapima saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Alikaa kimya kidogo. "Kesho pima saa mbili. Halafu rudi saa tisa, upime pale pale, kisha upande juu ya karakana upime na huko. Na usimwandikie mtu."

Saa mbili nilipata 7.5. Saa tisa, 9.0. Juu ya karakana, ambako sabuni yake isingeweza kupanda hata ikitaka, 9.0 vilevile.

Ni mwani. Maji yalikuwa yamepungua, jua kali, na mawe yote yamevaa zulia la kijani. Mchana mwani hufyonza kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini, na gesi hiyo ikiwa majini ndiyo inayoyafanya yawe na uasidi kidogo. Ikiondolewa, pH inapanda. Usiku mwani hupumua, gesi inarudi, pH inashuka. Kijito kilikuwa kikifanya hivyo kila siku, ila sisi tulikuwa tukikitembelea saa mbili asubuhi tu.

Nilikwenda kumwomba radhi mwenye karakana. Alinisikiliza hadi mwisho, anajifuta mikono kwa kitambaa, hakunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja: "Na wale uliowaambia, umeshawaambia tena?"

Sikuwa nimewaambia. Ilinichukua siku mbili nzima, na nitasema ukweli: habari ya kwanza ilifika kwa kila mtu kwa dakika chache, ya pili wengine hadi leo hawajaijibu. Mwenye karakana bado ananisalimia, lakini kuna kitu katika salamu ile.

Baada ya hapo Mama Maabara akaamua sote tukikeshee kijito walau mara moja. Tulijigawa wawiliwawili, kipimo kila baada ya saa mbili kwa siku nzima na usiku wake. Zamu yangu ilikuwa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na kazi yangu ilikuwa oksijeni. Hatukuwa na mita ya oksijeni. Tulitumia njia ya matone, ambayo asili yake ni ya mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, ya mwaka 1888. Ninaipenda njia hii kuliko mita yoyote, kwa sababu inakulazimisha uone.

Unazamisha kichupa, unakifungia humohumo majini ili pasiingie kiputo cha hewa hata kimoja. Kiputo kidogo tu, umepima hewa ya mbinguni badala ya kijito. Unadondosha kemikali ya kwanza na ya pili, na ndani ya chupa linazaliwa wingu. Maji yenye oksijeni ya kutosha hutoa wingu la rangi ya kahawia, zito, linalotua polepole. Yasiyo nayo kabisa hutoa jeupe. Unaongeza asidi, wingu linayeyuka, maji yanabaki ya manjano kama chai iliyozidi maji. Matone machache ya wanga, yanageuka buluu iliyokolea. Halafu unaanza kuhesabu: tone, tikisa, tone, tikisa, hadi tone moja linapoifuta ile buluu yote ghafla. Idadi ya matone ndiyo inayokupa oksijeni.

Mchana wenzetu walipata miligramu 11 kwa lita, zaidi ya kiasi ambacho maji ya joto lile yanaweza kushika yakiachwa na hewa tu; mwani ulikuwa unayapulizia. Saa sita usiku nikapata 6. Saa nane, 5. Saa kumi alfajiri nilikuwa naona kwa tochi ya kichwani, vidole vimekufa ganzi ndani ya glovu, na wingu lililojitokeza lilikuwa limepauka kiasi kwamba nilidhani nimeruka kemikali. Nikarudia na kichupa kingine. Miligramu 3. Samaki wengi huanza kuhangaika chini ya 5. Tukamulika tochi kwenye dimbwi dogo chini ya mti: visamaki vilikuwa vimepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, vinafungua na kufunga. Saa nne baadaye, jua likiwa limewaka, ungepita darajani usingejua kuwa kuna aliyenusurika humo.

Kile ndicho kijito nilichokuwa nikikipima kwa miezi mitatu na kuandika "hali nzuri".

Mwaka uliofuata sina mengi ya kuusimulia, na hilo ndilo lililowashinda watatu kati yetu. Waliacha mmoja baada ya mwingine. Jumamosi, saa mbili, joto, pH, oksijeni, ung'avu, upitishaji umeme. Kila sampuli ya kumi inachotwa mara mbili ili tuone kama tunakubaliana na nafsi zetu. Kabla ya kutoka, mita yenyewe inahakikiwa kwenye vimiminika vya pH 4, 7 na 10. Siku moja niligundua kuwa kimiminika cha 7 kilikuwa kimepita muda wake na nilikuwa nimekitumia wiki nane. Namba za wiki zile zilikuwa zinafanana vizuri na za nyuma. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa na daftari mapajani, penseli mkononi, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikaweka nyota pembeni ya kila moja na kuandika sababu chini ya ukurasa.

Kuna kishawishi kingine kidogo zaidi ambacho sikuwahi kuambiwa na mtu. Mita inacheza kati ya 7.4 na 7.8 kabla ya kutulia, na wewe unajua wiki iliyopita ilikuwa 7.5. Jicho lako litasema "imetulia" inapopita 7.5. Dawa niliyoipata ni kumpa mwingine daftari, asome yeye ya nyuma, mimi nisiyaone.

Kilichoniokoa na uchovu ni wadudu. Tuliongeza kipimo cha wadudu wa chini ya mawe, tukaazima hesabu ya Afrika Kusini iitwayo miniSASS, ambayo imeifupisha njia ya wataalamu hadi makundi 13 tu ya viumbe wanaoonekana kwa macho. Kila kundi lina alama zake kulingana na linavyochukia uchafu. Unajumlisha alama za makundi uliyoyakuta, unagawanya kwa idadi ya makundi hayo. Majina ya kitaalamu yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Yule anayeitwa plekoptera tulimwita Mikia Miwili: ana alama 17, haishi ila penye maji safi, baridi na yenye hewa. Kuna Mikia Mitatu, mwenye matamvua pembeni ya tumbo yanayopepea muda wote kama anajipunga. Hayo ndiyo mashavu yake ya kupumulia. Kuna Mjenzi, buu laini anayejigandishia nyumba ya mchanga na vijiti na kutembea nayo. Chini kabisa wapo ruba na minyoo, alama 2 kila mmoja, na mabuu wembamba wa kundi la nzi, 2 pia. Baadhi ya hawa mabuu ni wekundu kwa sababu wana damu yenye hemoglobini kama yetu, basi wanaweza kukaa kwenye tope ambalo wengine wote wangekosa pumzi.

Unapiga teke mawe, wavu uko chini yako, unamimina kwenye trei nyeupe na unasubiri. Mwanzoni ni takataka tu. Halafu kipande cha takataka kinatembea.

Mwaka wa tatu trei zetu zilianza kubadilika. Mikia Mitatu walikuwa wanajaa trei. Wakawa kumi, wakawa wanne, wakawa hakuna. Mjenzi akatoweka. Wekundu wakaongezeka. Na wakati wote huo, namba za maji za Jumamosi saa mbili zilikuwa safi. Tulibishana sana. Mmoja wetu alisema tunapiga mawe vibaya, mwingine alilaumu mvua. Mama Maabara ndiye aliyetukumbusha jambo ambalo mimi kati ya watu wote nilipaswa kulikumbuka: mita inajua dakika ile uliyoizamisha, mdudu amekaa humo miezi. Akisema kuna kitu na mita inasema hakuna, basi hicho kitu kinakuja wakati wewe haupo.

Tukaanza kwenda nyakati za ajabu. Adhuhuri, sawa. Jumatatu alfajiri, sawa. Alhamisi saa mbili usiku, mita ya upitishaji umeme, ambayo kwa miaka miwili ilikuwa ikisoma 170 hadi 190, ikasoma 410. Mita hiyo haikwambii ni uchafu gani; inasema tu kuwa kuna chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka kuliko kawaida. Lakini ina faida moja: inasoma kwa sekunde, kwa hiyo unaweza kutembea nayo.

Tukapanda na kijito. Kila tulipofika panapokutana mikondo miwili, tunapima wa kulia, tunapima wa kushoto, tunaufuata wenye namba kubwa. 410. 450. Njia panda ya pili, 180 kushoto na 620 kulia. Mara ya tatu hatukuhitaji mita, pua ilitosha. Chini ya kichaka kulikuwa na ufa kwenye bomba la majitaka, na jioni, watu wakiwa majumbani na maji mengi yakipita, bomba lilielemewa na kutapika pale. Asubuhi lilikuwa limekauka. Ungepita ukaona tope tu.

Sikupiga simu kwa yeyote. Nilipiga picha, nikaandika saa, nikavaa glovu mpya. Tukachota sampuli juu ya ufa na chini ya ufa, tukazitia kwenye boksi la barafu, maana bakteria hawapaswi kuachwa kwenye joto waongezeke njiani. Usiku uleule zikawekwa kwenye visahani vyenye chakula chao, ndani ya kikasha cha nyuzi joto 35, saa 24. Visahani vya juu ya ufa vilitoa vidoa vya buluu vinne, vitano, vya E. coli, bakteria wa kinyesi. Vya chini vilikuwa buluu tupu. Nilianza kuhesabu, Mama Maabara akanizuia mkono, akaandika maneno ambayo maabara huyatumia: vingi mno kuhesabika.

Tulirudia Alhamisi mbili zaidi kabla ya kwenda ofisini. Mimi wa mwaka wa kwanza asingengoja.

Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana, mpole, na ilionekana amezoea kuletewa picha za povu. Tukampa picha za bomba, akazitazama, akazirudisha. Akaomba daftari. Alilifungua katikati, si mwishoni, akaanza kurudi nyuma kurasa kwa kurasa. Nilikuwa najitayarisha kumweleza mambo makubwa, kwamba Marekani watu wa kawaida wa chama cha uhifadhi kiitwacho Izaak Walton League walianza kutunza kumbukumbu za vijito vyao tangu 1969, kabla hata ya sheria yao ya maji safi ya 1972. Hakunipa nafasi. Aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Hizi nyota ni za nini?"

"Siku tulizokosea," nilisema. "Kimiminika cha kuhakikia kilikuwa kimepita muda."

Akaangalia nyota, akahesabu, nane. Akasoma maelezo yangu chini ya ukurasa. Kisha akasogeza kiti chake karibu na meza, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa mengine. Alisema namba zetu haziwezi kumpeleka mtu popote kisheria, hilo tusijidanganye, ila zinatosha yeye kutuma watu wake na vyombo vyao siku ya Alhamisi, saa mbili usiku. Walikuja. Bomba lilitengenezwa wiki chache baadaye, baada ya kukumbushwa mara mbili.

Mita ilirudi kwenye 180 wiki ileile. Wadudu hawakuwa na haraka. Miezi mitano tulimimina trei za wekundu na ruba, na wale wapya waliojiunga walianza kutuuliza kwa upole kama tuna uhakika bomba limezibwa. Mwezi wa sita, Mikia Mitatu mmoja, mdogo kama punje ya mchele, matamvua yanapepea. Tulimzunguka watu sita kwenye trei moja. Mjenzi alirudi baada ya mvua. Mikia Miwili hajaonekana. Hajawahi kuonekana tangu tuanze, na huenda kijito hiki kina joto kumzidi hata kikiwa safi.

Mama Maabara hashuki tena ukingoni, magoti yamekataa. Anakaa juu kwenye kiti cha kukunja, daftari mapajani, penseli sikioni, na sisi tukiwa tumeinamia trei anatusomea orodha kwa mpangilio uleule.

"Mikia Miwili?"

"Hakuna, Mama."

"Umeangalia chini ya majani?"

Naangalia chini ya majani.

"Hakuna."

Namsikia anaandika sifuri. "Haya. Mikia Mitatu?"